Nani njo anaabudu jiwe?

Hapa Kalemie, mtu akitaja dini ya Wahindu, jibu liko tayari: "Wale wanaabudu mawe na ng'ombe." Hata sisi wenye kusoma tunalisema, tunacheka, mambo yanaisha. Wandugu, mimi nasema hapana. Tuangalie kwanza hilo jiwe.

Wahindu wanaomfuata Mungu kwa jina la Shiva wako na matawi mengi. Tawi moja, Lingayat, lilipata nguvu katika karne ya 12 kusini mwa India, katika jimbo linaloitwa leo Karnataka. Mwalimu wao mkubwa ni Basava, mzaliwa wa ukoo wa makuhani Wabrahmani, aliyekuwa waziri wa mfalme Bijjala. Kila Lingayat, mwanaume au mwanamke, anapewa na mwalimu wake wa dini jiwe dogo linaloitwa linga, alama ya Shiva. Analivaa mwilini maisha yote. Wakati wa sala analiweka katika kiganja cha kushoto, anakaza macho juu yake. Akifa, anazikwa nalo. Maana wao wanazika maiti, hawachomi kama Wahindu wengine wengi.

Kwa nini? Fundisho njo hili: kama Mungu iko pamoja na mtu mwilini mwake, basi mwili wenyewe ni hekalu. Hakuna haja ya kuhani kusimama katikati. Na kama mwili wa fundi viatu ni hekalu sawa na mwili wa kuhani, nani atasema huyu ni najisi, asiguswe? Basava na wenzake walikataa ubaguzi wa matabaka. Walifundisha kwa Kikannada, luga ya watu wa soko na shamba, si kwa Kisanskriti cha makuhani.

Tena hawakuishia kwa maneno. Mapokeo yao yanasimulia ndoa ya binti wa Mbrahmani na kijana wa fundi viatu, jamaa zote mbili wafuasi wa Basava. Mfalme akakasirika, akawaua baba wote wawili. Vurugu ikaingia mjini, wafuasi wakatawanyika.

Sasa turudi kwetu. Tunajiita waamini, makanisa yako kila kartie. Mtwa akija kuposa binti wa Kiluba, nani kati yetu atapokea mali yake? Wanaume wetu wanachukua mabinti wa Batwa bila haya. Mtwa akijaribu kufanya vile, inakuwa matusi. Hata sahani moja wengine wanakataa kula naye. Dharau hii njo moja ya kuni za ule moto uliowaka katika Tanganyika tangu 2013, ukazidi 2016 na 2017, mpaka kambi za waliokimbia vijiji zikazunguka mji wetu.

Mtu atanijibu: "Hata Lingayat wa leo wako na matabaka kati yao." Ni kweli. Fundisho halilindwi na jiwe, na halilindwi na msalaba. Linalindwa na matendo, kila kizazi kwa zamu yake. Mwingine atasema: "Ni desturi ya mababu." Basava naye alikuwa na desturi ya mababu, tena ilimpa heshima na cheo. Aliikataa akiwa ndani yake.

Basi kabla ya kucheka jiwe la mwenzetu, kila mmoja ahesabu katika ukoo wake: ndoa ngapi tulizikataa kwa sababu ya neno moja tu, "Mtwa"?