Mbwa mlinzi naye anahitaji kulindwa

MBWA wengi wa mijini hawafugwi kwa mapenzi bali kwa ulinzi. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mnyama huyu hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku, hulishwa makombo na hukumbukwa pale tu mwizi anaporuka ukuta. Nani basi anamlinda mlinzi huyu?

Swali hilo lina uzito wa kisheria. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, inayotambua kwamba mnyama anastahili kukingwa dhidi ya maradhi na pia dhidi ya hofu. La kwanza wafugaji wa mijini hulitekeleza nusunusu. La pili hawalijui kabisa.

Tuanze na kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote katika makazi ya watu, na jike hutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za kuta na banda. Kumwogesha mbwa bila kulisafisha banda ni kazi bure. Kupe huyo hueneza maradhi ya damu yanayoleta homa, kukonda na hata kutokwa damu puani. Wapo wanaotumia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Matokeo yake mbwa hufa kwa sumu badala ya kupona.

Minyoo nayo haiishii kwa mbwa. Baadhi humwingia mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni mwa mama yake, ndiyo maana wataalamu hushauri dawa ianze akiwa na umri wa wiki mbili. Mayai ya minyoo hiyo hubaki katika udongo wanaochezea watoto, na viluwiluwi vyake vikifika jichoni vinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Nchini Kenya, wilayani Turkana, AMREF ilianza mwaka 1983 mpango wa kupambana na tegu wa mbwa anayesababisha uvimbe wenye maji katika maini na mapafu ya binadamu. Funzo lake linatuhusu: mabucha na machinjio yasiwatupie mbwa maini na mapafu mabichi.

Kuhusu hofu, mbwa husikia sauti zenye mitetemo hadi takriban 45,000 kwa sekunde, ilhali binadamu huishia 20,000. Radi za vuli na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya kwake ni mateso. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa robo ya wamiliki walisema mbwa wao huogopa kelele. Walipoulizwa dalili moja moja, karibu nusu walizitaja. Maana yake ni kwamba tunaiona hofu bila kuitambua.

Mbwa aliyejawa hofu hukata mnyororo, huruka ukuta na kutokomea. Huko nje hugongwa na magari, huchangamana na mbwa wazururaji na hurudi na kupe wapya. Kama hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, hatari huhamia kwa mtaa mzima. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mwenye nyumba peke yake.

Kinga yake si ghali. Siku ya fataki mbwa alishwe mapema, aingizwe chumba cha ndani, madirisha yafungwe na redio iwashwe. Asipigwe wala asifungwe mnyororo. Mwenye hofu kali apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya siku yenyewe, kwani zipo dawa zinazolegeza mwili tu huku hofu ikibaki palepale.

Serikali nayo ina wajibu. Halmashauri zinazochanja mbwa wakati wa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, zingeweza kutoa dawa ya minyoo siku hiyo hiyo. Aidha, mamlaka zinazotoa vibali vya fataki zitangaze mapema saa na mahali zitakaporushwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayemtegemea mbwa kulinda familia yake hana budi kuhakikisha kwamba mbwa huyo hageuki kuwa mlango wa kuingizia maradhi.