"Nguvu ya Kununua" Ni Deni

Kuna lugha mpya inayoenezwa miongoni mwa watumishi wa umma kwa njia ya simu za mkononi. Mwalimu wa Matambarale, mwenye mshahara wa mwezi na watoto wa kusomesha, anaambiwa kwamba anaweza kununua hisa au fedha za kigeni kwa mtaji mara nne, mara kumi, hata zaidi ya ule alio nao. Hiyo wanaiita "nguvu ya kununua". Jina hilo ni la hila. Kinachotolewa hapo ni mkopo.

Mambo huenda hivi. Mchuuzi wa kutwa, yule anunuaye asubuhi na kuuza kabla soko halijafungwa, huweka kwa dalali, tuseme, shilingi milioni 1. Dalali humkopesha milioni 3. Mali ya milioni 4 inanunuliwa, lakini yote ni rehani mikononi mwa dalali. Bei ikipanda kwa asilimia 10, mchuuzi amepata 400,000, na wapiga debe hukomea hapo. Bei ikishuka kwa kiasi hicho hicho, amepoteza asilimia 40 ya fedha yake mwenyewe. Ikishuka kwa asilimia 25, hana kitu. Wala dalali hangoji ifike huko: humtaka aongeze fedha mara moja, na akishindwa, mali huuzwa bila mwenyewe kuulizwa. Fedha ya dalali hurudi kwanza. Bei ikiporomoka ghafla, mchuuzi hubaki akidaiwa.

Marekani waliyaonja hayo mwaka 1929, soko la New York lilipoanguka na walionunua kwa mkopo wakafilisika. Kanuni iliyowekwa huko mwaka 2001 ilimtaka mchuuzi wa kutwa awe na amana isiyopungua dola 25,000 ndipo aruhusiwe kununua kwa mara nne. Mabepari wenyewe, basi, walikiri kwamba mchezo huu si wa mtu wa mshahara mdogo!

Wananchi wa Ruangwa na Nachingwea hawahitaji kwenda New York kujifunza. Wanaijua kangomba. Mkulima aliyeishiwa chakula huchukua fedha kwa mlanguzi mikorosho ingali maua, na wakati wa mavuno gunia huondoka kwa bei iliyopangwa na njaa yake. Ni kwa ajili hiyo zilipiganiwa stakabadhi za ghala, chini ya sheria ya mwaka 2005, na minada ya vyama vya ushirika kama RUNALI. Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo mwaka 2018, ilitangaza kwamba wa kangomba hawatalipwa. Mwalimu anayemkemea mkulima kwa kuuza maua ana haki gani ya kuweka rehani mshahara ambao haujaingia? Na kama hiyo milioni ya kwanza ameikopa benki, basi anakopa juu ya mkopo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilifungua mlango huo, lakini halikumwambia mtumishi anunue kwa fedha ya dalali. Wahubiri wa biashara hii watakiwe kueleza hesabu ya kushuka pamoja na ya kupanda, na wasio na leseni ya nchi hii wasikanyage ofisi za umma wala shule.