Tatizo si kompyuta, tatizo ni pleibeki

Baba yangu mdogo alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na kila muziki uliokuja baada ya bendi hizo kaupa jina moja: "muziki wa kompyuta." Akishasema hivyo basi, mjadala umefungwa. Mimi huwa nambishia. Safari hii nataka nimpe nusu ya haki yake.

Kazi ya gazeti imenipeleka kwenye maonyesho mengi. Kuna moja sitalisahau. Msanii (simtaji) alidondosha kipaza sauti jukwaani, na sauti yake ikaendelea kuimba kama kawaida! Watu wakacheka, akakiokota, akaendelea kufumba na kufumbua mdomo. Yaani tulilipa kiingilio kumtazama mtu akiigiza wimbo ambao tungeusikia bure kwenye daladala.

Sasa sikia hii. Kuna watu wanapiga muziki kwa kuandika programu ya kompyuta mbele ya hadhira. Naam, kuandika. Mtu anakaa na laptopu, skrini yake inarushwa ukutani kwa projekta, anaandika mstari, anabonyeza, mdundo unabadilika hapo hapo. Mwaka 2004 baadhi yao walikutana Hamburg, Ujerumani, wakaanzisha umoja unaoitwa TOPLAP, na moja ya madai yao makubwa ni kwamba mwanamuziki aonyeshe skrini yake. Usijifiche nyuma ya laptopu. Wenzao wa Mexico City wakazidisha ukali: unaanza na skrini tupu, una dakika 9, tuone.

Ukisahau alama moja tu ya mabano, kompyuta inagoma na ukumbi mzima unaona. Mdundo wa mwanzo unaendelea kupiga huku wewe unalitafuta kosa lako, jasho likikutoka. Hilo ndilo ninalolipenda. Mpiga gitaa anaweza kukosea, mwimbaji wa taarab anaweza kukosea, na huyu wa laptopu naye anaweza kukosea. Wa pleibeki hawezi kukosea, na ndiyo maana hatupi kitu.

Nilipakua Sonic Pi, programu ya bure ambayo Sam Aaron alianza kuitengeneza Cambridge, Uingereza, mwaka 2012 ili watoto wa shule wajifunze kuandika programu kwa njia ya muziki. Nikambebea Baba mdogo laptopu hadi kwake. Nikaiagiza mashine itawanye mipigo 3 kwenye nafasi 8, kwa usawa kadiri inavyowezekana. Nane haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo unapata 3, 3, 2. Jaribu kuugonga mezani hapo ulipo, utaujua. Mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha kwamba njia ya Euclid ya kutafuta KKS (ile iliyotutesa shuleni, ina zaidi ya miaka 2,000) inazaa midundo mingi ya asili, ya Afrika na ya Cuba ikiwemo. Kabla sijamaliza kueleza, mzee alishaanza kugonga meza.

"Hii si rumba hii?"

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Hawaandiki noti, wanaandika kanuni. Katika lugha kama Prolog, iliyozaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, huielekezi kompyuta hatua kwa hatua. Unaieleza lililo kweli na lisiloruhusiwa, nayo inatafuta majibu. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Bath walieleza mfumo wao, ANTON, unaotunga muziki kwa njia ya namna hiyo. Kwangu mimi hilo linafurahisha kichwa kuliko masikio. Lakini Baba mdogo hakushangaa hata kidogo. "Mbona ndivyo tulivyofundishana? Hukuambiwa upige nini. Uliambiwa nini usipige, ukikipiga unatolewa."

Siku hizi kuna programu unaziandikia sentensi moja zikakupa wimbo mzima. Watu wanazichanganya na haya ninayoyasema, eti zote kompyuta. Hapana. Huyu wa skrini ukutani anaujua kila mpigo umetoka wapi, na wewe uliyekaa nyuma unaweza kumfuata.

Vijana wetu wa singeli, wanaoukimbiza mdundo kupita mipigo 200 kwa dakika, nao kazi yao iko kwenye laptopu. Natamani siku moja watugeuzie skrini tuone mikono inafanya nini. Na mapromota mnaotuuzia tiketi za "live", andikeni kwenye bango kama mtu anakuja kupiga au anakuja kufumbua mdomo, tujue tunalipia nini.

Nilipofunga laptopu Baba mdogo aliuliza swali moja tu: "Na akikosea?"

"Wote tunaona, Baba."

Akanyamaza kidogo. "Fungua tena. Hiyo besi yako inachelewa."