Diwani Iliyokuwa Ndani ya Sanduku la Bati

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo siandiki juu ya vina wala mizani. Naandika juu ya barua, na sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu.

Mwaka 1998 nyumba niliyopanga karibu na Mtaa wa Msimbazi iliuzwa, ikavunjwa, pakajengwa ghorofa. Katika pilikapilika za kuhama, vitabu vyangu vya mashairi nilivifunga vizuri kwa kamba. Sanduku moja la bati lililojaa karatasi niliwapa vijana wa mkokoteni wakalitupe. Ndani yake mlikuwa na barua za miaka 15 za rafiki yangu wa chuo cha ualimu, aliyepangiwa kufundisha Songea. Kila barua ilileta habari: mvua, walimu wageni, bei ya sukari, mtoto aliyezaliwa. Mwishoni palikuwa na beti mbili tatu za kunichokoza, nami nilitakiwa kumjibu kwa bahari ileile. Rafiki yangu sasa ni marehemu. Hakuchapisha kitabu. Diwani yake ilikuwa ndani ya lile sanduku.

Ndiyo maana nasema kwamba barua ni utanzu kamili wa fasihi, na tumeudharau kwa hasara yetu wenyewe. Tukumbuke kwamba miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu. Zimesalimika hadi leo kwa kuwa zilihifadhiwa Goa, ng'ambo ya bahari. Ziliandikwa kwa haja ya siku ile, nazo leo ni hazina ya lugha.

Mfano wa karibu zaidi ni Shaaban Robert, aliyesoma hapa Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Alipokuwa mtumishi wa serikali, aliendelea kumwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Ulenge hakuzitupa barua hizo. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilizichapa kuwa kitabu, Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Katika Maisha Yangu, mwandishi alijua kwamba anausemesha umma, akachagua la kutuambia. Katika barua alikuwa kaka anayemsemesha mdogo wake. Sauti hiyo ya pili tumeipata kwa sababu mtu mmoja aliweka karatasi kwa zaidi ya miaka 40.

Nasi walimu tuna lawama. Nilifundisha barua miaka 30 na zaidi: anwani juu kulia, tarehe, salamu, kiini, hitimisho. Mwanafunzi aliyesahau anwani nilimkata alama. Sikumbuki kumwongezea alama hata mmoja kwa kuisimulia habari vizuri. Tuliwafundisha bahasha, tukaiacha barua.

Najua mtaniambia kwamba zama zimebadilika, siku hizi watu huandikiana kwa simu. Sina ugomvi na simu. Nami ninayo, na wajukuu hunitumia salamu kila Ijumaa. Lakini ujumbe wenye habari na ubeti ni barua vilevile, na simu ikiibwa pale Kariakoo, huondoka na kila kitu. Mshairi anayejibizana na mwenzake kwa simu na asinakili popote, analirudia kosa langu, tena bila hata kuhitaji mkokoteni.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu anunue daftari gumu, anakili humo majibizano yake na wenzake, pamoja na habari zilizoyazaa, maana ubeti bila habari yake ni nusu ya ubeti. Na mwenye barua za mzazi au rafiki aliyetangulia, azitoe leo chini ya kitanda kabla mchwa hawajazifikia.

Mimi nimebaki na ubeti mmoja tu wa rafiki yangu kichwani, nao mshororo wa tatu umenipotea.