Oksijeni iko hospitalini, mgonjwa wa klasta yuko nyumbani

Kwetu Pwani, kichwa kikiuma upande mmoja huwa ni kipandauso, basi. Mgonjwa hufungwa leso, akalazwa chumba chenye giza. Lakini kuna maradhi mengine yanayojificha nyuma ya jina hilo hilo, na mwenye nayo hawezi kulala. Huzunguka chumba kizima, hujigonga ukutani, jicho moja limewiva na linatoa machozi, pua ya upande huo imeziba. Baada ya robo saa, au hata saa tatu, maumivu huondoka. Kesho usiku, takriban wakati ule ule, yanarudi. Madaktari huyaita maumivu ya kichwa ya klasta: huja mfululizo kwa wiki au miezi, kisha yakatoweka hata mwaka mzima.

Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Wengi wetu tuliichukua kama habari ya mawakili. Inawagusa wagonjwa hawa moja kwa moja, kwani maumivu haya ni makali kiasi cha kumfanya mtu atamani kufa. Sasa anaweza kumwambia daktari hivyo bila kuhofia polisi. Na akilisema hilo nyumbani, asiachwe peke yake.

Kiini chenyewe cha ugonjwa hakiharibu ubongo wala hakiui, na kwa wengi vipindi vya nafuu hurefuka umri unaposonga. Ila mmoja au wawili katika kila kumi hawapati nafuu hata ya miezi mitatu kwa mwaka.

Madhara makubwa hutoka pembeni. Mtu hung'olewa meno mazima, hutibiwa pua miaka, hununua diklofenaki kila siku dukani hadi tumbo lafanya vidonda na figo zaanza kulalamika. Tembe huchukua muda kufanya kazi, na wakati huo shambulio limeshaisha lenyewe. Sifa inakwenda kwa tembe. Mganga naye hupata sifa kwa njia hiyo hiyo, maana msimu ukikatika, kombe lake ndilo lililotibu.

Dawa ya kutuliza shambulio tunayo, nayo ni oksijeni safi, lita 12 hadi 15 kwa dakika kupitia barakoa inayobana, kwa robo saa hivi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009 ulionyesha ilituliza mashambulizi 78 katika kila 100, wakati hewa ya kawaida ilituliza 20. Wakati wa korona tuliona mitambo ya oksijeni ikijengwa katika hospitali za kaunti. Lakini mtu wa Faza au Msambweni anayeamshwa na maumivu saa saba za usiku, hata akipata boti au gari, atafika shambulio limekwisha. Daktari atamwona mzima, atamrudisha na panadol.

Kwa hivyo swali la kuulizwa idara za afya za kaunti, na SHA iliyoirithi NHIF tangu Oktoba 2024, ni la mtungi wa nyumbani: nani atautoa, nani atalipa, na nani ataifunza familia usikaribie sigara wala jiko. Kuna pia verapamili, dawa ya siku nyingi ya presha, ambayo hupunguza mashambulizi, mradi moyo upimwe kwa ECG. Hiyo haihitaji mtungi, yahitaji tu mtu wa zahanati anayeutambua ugonjwa.

Hadi hapo, mwenye dalili hizi aandike saa maumivu yanapoanza na kuisha, na ni jicho lipi. Pombe aiache msimu huo, kwani huchokoza shambulio. Na mke au ndugu amrekodi kwa simu akiwa katikati ya maumivu, ili daktari aione ile hali ambayo asubuhi haipo.