Dipoziti, CRB, halafu kufuli: unalipia hofu moja mara ngapi?

Pita steji ya Kiserian asubuhi, pale matatu za 126 zinapoita watu wa town, na hutakosa kijana mwenye meza ya simu za kulipa polepole. Leta kitambulisho, toa dipoziti, ondoka na simu janja leo, kisha uwe ukituma kitu kidogo kila siku. Kwa mama mboga, hii si mzaha. Elfu kumi na mbili kwa mpigo hana. Bob sitini kwa siku anazo, siku nyingi.

Hatupingi biashara hiyo. Na tuwe wakweli, kila malipo ya aina hiyo yanapotumwa kwa simu, kampuni kama yetu zinapata kazi. Lakini kuna jambo linatukera.

Kule Marekani, ukitaka laini ya kulipa mwisho wa mwezi, kampuni huangalia kwanza historia yako ya mikopo. Ikikutilia shaka, inakuitisha dipoziti. Sisi Kenya wengi wetu tulikwepa hayo kwa sababu ya kadi ya kukwaruza. Ukiwa na bob ishirini unaongea, zikiisha unanyamaza, na hakuna mtu aliyekuuliza unalipwa mshahara gani. Ukaguzi umerudi kwa mlango mwingine. Siku hizi haukai kwenye laini, unakaa kwenye simu yenyewe. Mwaka 2020, Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, na malipo yakianzia Sh20 kwa siku, simu zilikuja na kufuli ndani: ukikosa kulipa, inafungwa. Kampuni nyingine nazo zinauza hivyo hivyo.

Muuzaji anaogopa kitu kimoja: uchukue simu, uhepe. Ni hofu ya haki, wapo wanaohepa, na wapo mafundi wa kuvunja hizo kufuli. Lakini hesabu ni mara ngapi unailipia hofu hiyo. Dipoziti ni kwa ajili yake. Kuangaliwa rekodi ni kwa ajili yake. Kufuli pia. Halafu inaingia tena kwenye bei.

Tuchukue mfano wa kubuni. Simu ya Sh12,000 pesa taslimu. Unatoa dipoziti ya Sh2,500, kisha Sh60 kwa siku 365, ambayo ni Sh21,900. Jumla, Sh24,400. Hapo ungenunua simu mbili na ubaki na nauli ya kurudi nyumbani.

Msimamo wetu ni kwamba muuzaji achague. Akiwa na kufuli, dipoziti ishuke. Akishika dipoziti nono, bei ya kila siku ishuke. Na kama ameangalia rekodi yangu akaikuta safi, nione usafi huo kwa shilingi. Sasa hivi, pale mezani, anayelipa madeni yake vizuri na anayesumbua wanapewa bei ile ile. Sasa aliangalia ya nini?

Hiyo kufuli nayo ina shida yake. Mtu wa boda anaitwa na wateja kwa simu. Mvua ikinyesha siku mbili, hapati kitu, hatumi kitu, simu inafungwa. Siku ya tatu jua linatoka na wateja hawampati. Ni kama kumfungia mtu duka ndiyo apate kodi. Siku chache za kuvumiliana zingemsaidia hata huyo anayemdai. (Ikikupata: pesa zako ziko kwenye akaunti ya laini yako, hazimo ndani ya simu. Toa laini, weka kwenye kabambe, PIN ni ile ile.)

Kuhusu CRB, watu wanaiogopa kuliko wanavyoijua. Tangu Aprili 2020, kwa kanuni za Benki Kuu, deni lisilofika Sh1,000 halifai kukuweka kwenye orodha ya wasiolipa. Anayekudai anapaswa kukuarifu kabla ya kupeleka jina lako. Na una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka TransUnion, Metropol au Creditinfo. Isome kabla hujaenda dukani, kwa sababu deni ulilomaliza kulipa linaweza kuwa bado limeandikwa vibaya, na ukilipata una haki ya kudai lirekebishwe. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35: kama ni mashine peke yake iliyokukataa, unaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Hatujawahi kuona bango la simu lenye maneno hayo.

Kwa hivyo ukifika pale steji, kabla hujatoa kitambulisho, muulize kijana mambo mawili. Nikimaliza kulipa nitakuwa nimetoa jumla ya pesa ngapi? Na nikimaliza mapema, napunguziwa? Akikuambia, "Wewe tuma tu ya leo, hizo zingine tutaongea," rudisha kitambulisho mfukoni upande matatu yako.