Mrembo Kukataliwa Kuzama Blue Hole: Mwalimu Hana Kosa, Kosa Lilianza Siku ya Kuchagua Hoteli

Tangu Jumapili mjini ni habari moja tu. Mrembo mmoja mwenye mashabiki wa kutosha, yule wa video za mapishi na vituko vya jikoni, yuko Belize anakula bata na mchumba wake. Ghafla kapanda laivu Instagram analia: hoteli waliyofikia imemkatalia kuzama Blue Hole, wakati mchumba wake na wazungu kibao kwenye boti ileile wameruhusiwa. Mashabiki hawakusubiri. Hadi usiku ukurasa wa hoteli ulikuwa umeshavamiwa, nyota moja moja mfululizo, na matusi ya Kiswahili ambayo wahudumu wa kule pengine bado wanatafuta wa kuwatafsiria.

Ubaguzi, wakasema. Sasa ubaguzi upo, na yeyote mwenye pasi ya huku aliyewahi kuwekwa pembeni uwanja wa ndege hahitaji kufundishwa. Lakini mwalimu aliyemkatalia anaonekana vizuri tu kwenye video hiyohiyo, na ni mweusi kama yeye. Halafu kuna kitu mrembo mwenyewe alikisema kwa mdomo wake, katikati ya machozi, ambacho watu wamekiruka: cheti chake kakipata Zanzibar Desemba, na tangu azaliwe kazama mara nne.

Mara nne! Hapo ndo mjadala ulitakiwa uishe.

Wengi wanadhani kuzama ni kuzama tu, ukishavaa mtungi umemaliza. (Na mtaani neno lenyewe, kuzamia, bado linawakumbusha watu meli za Ulaya kuliko samaki.) Cheti cha kwanza cha uzamiaji mwisho wake ni mita 18. Ukiongeza kozi ya pili unafika 30. Kwa watu wa starehe, mwisho kabisa ni mita 40. Blue Hole ni shimo lenye upana wa kama mita 300 na kina cha zaidi ya mita 120, na kile ambacho watu wanalifuata, yale mawe marefu yanayoning'inia kama meno, yaliyojijenga zamani za barafu kabla bahari haijaingia pangoni, yako kwenye mita 40 hivi. Yaani wanaozama pale wanagusa mwisho wa ruhusa, wanakaa dakika chache, wanaanza kupanda.

Chini kule shinikizo ni mara tano ya juu, kwa hiyo mtungi nao unaisha mara tano haraka. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa inaanza kulewesha kama pombe: mtu anacheka peke yake, anasahau kuangalia geji. Akishtuka na kupanda mbio, gesi ileile inajigeuza mapovu kwenye damu, na hapo ni kupooza au kifo. Mtu aliyezama mara nne bado anahangaika na miwani kuingia maji. Mwalimu aliyemwambia hapana alikuwa anamrudisha binti wa watu kwa mama yake akiwa mzima.

Tena hakumwacha solemba. Safari ile ya siku nzima huwa na mizamio mitatu: Blue Hole, kisha ukuta wa matumbawe wa Half Moon Caye, kisha mmoja wa kumalizia jirani na hapo. Aliambiwa huu wa kwanza aogelee juu juu na miwani pembezoni mwa shimo, halafu miwili inayofuata ashuke na kiongozi wake kwa kina cha cheti chake. Wanaojua wanasema ukuta ule una samaki na rangi kuliko shimo lenyewe, ambalo ndani ni giza na mawe. Akagoma. Alitaka shimo.

Na shimo alilitaka kwa sababu ya picha. Ukirudi nyuma kwenye posti zake za mwezi mzima kabla ya safari, alikuwa anawaonyesha mashabiki hoteli tatu wamchagulie: hii ina bembea juu ya maji, ile bwawa la kuogelea limeungana na upeo, hii ya tatu ukutani imeweka lile duara la bluu. Ikashinda ya duara. Hakuna aliyemwambia kwamba duara lile unaliona ukiwa kwenye ndege. Ukiwa ndani ya maji halionekani kabisa! Na kutoka Ambergris Caye walikolala, boti inakwenda masaa mawili na ushee mpaka kulifikia, bahari ya wazi, watu wanatapika.

Wakati huohuo, dakika chache kutoka gati la hoteli yao kuna hifadhi ya Hol Chan, mlango wa matumbawe wa mita kama tisa, na jirani yake maji ya kina kifupi ambako papa wapole na taa wanapita miguuni mwa watu. Kwa mtu wa mizamio minne hiyo ndo ilikuwa Belize yake. Hakuiposti hata mara moja.

Hapa mchumba naye asiachwe, maana ndiye aliyelipa na ndiye mwenye cheti kikubwa. Karibiani ni kubwa bwana. Angeweza kumpeleka Bonaire, kisiwa cha Waholanzi ambako unakodi pikapu, unaegesha kwenye jiwe la njano lenye jina la eneo, unavaa mtungi na kuingia kwa miguu kutoka ufukweni, kwa kina unachotaka na muda unaotaka. Hakuna boti, hakuna kusubiriana, na vimbunga vya Juni hadi Novemba kwa kawaida vinapita mbali kaskazini. Angeweza kumpeleka Utila, Honduras, ambako vijana wa bajeti ndogo hujaa kuchukua vyeti, na mrembo angerudi na kozi ya pili mkononi. Cozumel ya Meksiko ingekuwa makosa mengine, mikondo ya kule inakubeba kama daladala isiyo na breki.

Lakini kuchagua hivyo kunataka kupiga simu na kuuliza maswali yasiyo na picha. Kiongozi mmoja anachukua wazamiaji wangapi? Mgeni mwenye cheti cha kwanza anapelekwa wapi? Boti ina oksijeni ya dharura? Chumba cha kutibia mapovu ya damu kiko umbali gani? Bei ya kifurushi ina vifaa na ada za hifadhi, au zinakuja mwishoni? Hoteli iliyomkatalia mtu wa mizamio minne tayari imejibu swali kubwa kuliko yote, na ndiyo inayopigwa nyota moja.

Jumanne video ilifutwa kimya kimya. Kuomba radhi hakuna, na zile nyota ziko palepale. Ila waliorekodi wanayo, na mwishoni kuna kipande cha kuchekesha: mrembo anaonyesha tiketi, kwamba kesho yake saa 2 asubuhi anapanda ndege, hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Boti zile zinarudi jioni. Mtu aliyezama zaidi ya mara moja anashauriwa asipande ndege mpaka yapite masaa 18, mapovu yaleyale. Kwa hiyo hata angeruhusiwa mizamio yote mitatu, tiketi aliyoikata mchumba ilikuwa inamsubiri.